Tulivyomtafutia Mama Waimbaji wa Harusi Yake

Mamangu alitutangazia kwamba anaolewa huku akishona makuti. Hakuinua hata uso. "Yule mzee wa Taru ametuma watu kwa mjomba wenu," alisema, "na mjomba wenu amekuja kuniuliza, nami nimekubali." Kisha akachukua jani jingine la mnazi, akalikunja juu ya ufito, akalipitisha uzi, kama mtu aliyetuarifu kwamba kesho atakwenda sokoni.

Tulikuwa tumeketi barazani kwake, kijijini nje kidogo ya Msambweni, kakangu mkubwa na mimi. Ndio watoto wake, hana wengine. Kakangu ni msimamizi wa jikoni katika hoteli moja ya Diani, nami ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ukunda. Mama alikuwa na miaka sitini na mitatu. Babetu alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja kabla ya siku hiyo, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuwaza kwamba mama yetu anaweza kuolewa tena, kama vile mtu asivyowaza kwamba mnazi wa uani unaweza kuhama.

Mzee wa Taru tulimjua. Mama alikutana naye kliniki ya macho, wote wawili wametolewa mtoto wa jicho, kila mmoja ana jicho moja limefungwa bandeji. Mzee alimwomba mama amsomee kadi yake, imeandikwa arudi lini. Mama akamjibu kwamba na yeye yuko hivyo hivyo, haoni kitu. Wakaishika ile kadi pamoja, huyu akiisogeza mbali, huyu akiivuta karibu, mpaka tarehe ikapatikana, na kumbe walipewa siku moja. Tangu hapo mzee akawa anapiga simu kila Ijumaa baada ya sala kuuliza jicho linaendeleaje. Jicho lilipona, simu hazikukoma. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, Mduruma, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyefiwa na mkewe. Yeye mwenyewe Muislamu, lakini ukoo wao una Waislamu na Wakristo, na wanakula sikukuu zote.

Kakangu akasema, "Mama, watu watasema nini?"

"Watasema nimeolewa," mama akamjibu.

Kakangu akainuka, akaaga kwa heshima, akapanda pikipiki yake. Siku nne hakupokea simu ya mtu.

Mama naye alikuwa na masharti yake. Hakutaka kamati wala kupitishiwa watu bahasha. Alisema bibi mwenye wajukuu watano hachangiwi ili akaolewe. Chakula angepika kwa pesa zake za makuti, mjomba angeshughulikia nikahi, na mimi akaniambia, "Wewe mwanangu, shika burudani." Akafungua pindo la leso yake, akanihesabia shilingi elfu kumi na mbili. "Isizidi hii. Na isiwe harusi ya kimya. Kimya nimekaa nacho vya kutosha."

Nilianza na tarabu, kwa sababu ndiyo ninayoipenda mimi mwenyewe. Nilimfuata kiongozi wa kikundi kimoja pale Ukunda, mwanamume mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri sana. Alinikaribisha kahawa, akaniuliza habari za nyumbani, za kazi, za wazee, mpaka nikahisi tumekwisha kuwa jamaa. Kisha akanitajia bei. Nilipomwambia nilicho nacho, hakunicheka. Aliweka kikombe chini, akasema taratibu, "Kwa hiyo, dada yangu, naweza kukupa mpiga kinanda. Mwimbaji hatakuja, lakini kinanda kitapigwa."

"Kipigwe bila mwimbaji?"

"Watu wataimba wenyewe. Wengi wanazijua."

Nikamshukuru, nikamaliza kahawa yangu.

Kutoka hapo nikaenda kwa didijei mmoja kijana aliyetoka bara, ana duka la kuuza vifuniko vya simu na kukodisha spika. Aliniuliza bi harusi ana miaka mingapi, ili ajue apige nyimbo gani. Nikamwambia sitini na mitatu. Akanitazama, akadhani nimekosea.

"Mathe, umesema bi harusi ama nyanyake?"

"Bi harusi."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Niko na zilizopendwa. Hao wazee watashtuka, wallahi." Neno la kiapo alilitamka kama mtu aliyejifunza juzi, na nikampenda kwa hilo. Lakini bei yake ilikuwa mara mbili ya mkoba wangu, bila jenereta.

Jioni ile nilimpigia mama kumpa habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kinanda kisicho na mwimbaji na zilizopendwa na kila kitu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mimi sitaki spika. Mara ya kwanza niliolewa na watu, sikuolewa na mitambo. Kwani wenzangu wamekwenda wapi?"

"Wenzako gani?"

"Wenzangu wa matari."

Hapo ndipo alipoanza kunieleza mambo niliyoyajua nusu. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama akienda harusini na wanawake wengine wamevaa leso za sare, lakini nilidhani ni wageni tu kama wageni wengine. Kumbe walikuwa kikundi, wanawake kumi na wawili, na kwa miaka mingi hapakuwa na harusi kutoka Tiwi mpaka mpakani ambayo hawakualikwa. Walikuwa na matari, na baragumu la pembe ambalo mmoja wao alilipuliza, na nyimbo walizozitunga wenyewe, nyingine hapo hapo uani huku watu wanawatazama. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa Jego.

"Na mliachaje?" nikauliza.

Mama akasema kwamba kulikuwa na harusi moja ya mtu mwenye uwezo. Walikuwa katikati ya wimbo, bibi wa Jego ndiyo kwanza ameutoa, na mtu mmoja akawasha spika juu yao. Hakuna aliyewaambia nyamazeni. Muziki ulipigwa tu, na watu wakageuka kuutazama ule mtambo. Bibi wa Jego akaweka tari lake kikapuni, akatembea mpaka barabarani, na tangu siku ile hajaimba mbele ya watu. Wengine nao wakaacha mmoja mmoja.

"Ukimpata yeye," mama akasema, "wengine watakuja."

Nilifunga kibanda siku ya Jumatano nikaenda Jego. Nilishuka njia panda nikachukua bodaboda, na yule mwendeshaji hakuhitaji kuelekezwa, nilipomtajia bibi mwimbaji alinipeleka moja kwa moja. Nilimkuta uani anapepeta mpunga. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, na amekonda, lakini alipoitika shikamoo yangu, ile marahaba ilitoka tumboni, nzito, na kuku waliokuwa karibu wakasogea.

Nilimweleza nimetumwa na nani. Aliuacha ungo.

"Anaolewa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na nani?"

"Mzee mmoja wa Taru, wa mbuzi."

Akacheka kimoyomoyo, mabega yakimtikisika. "Huyo mamako daima alikuwa wa mwisho kuchoka." Kisha akaniuliza maswali mengi, kuhusu mzee, kuhusu watoto wa mzee, kama mama ana afya, kama babangu aliombewa dua juzijuzi. Nikamjibu yote. Mwisho akasema atakuja, na akanipa masharti. Watu hawaimbi na njaa, kwa hivyo wale kwanza. Gari liwafuate majumbani, kwani hawana magoti ya kusimama njiani. Leso ziwe za sare na ziwe mpya. "Na spika isiwepo," akasema. "Si ndogo, si kubwa, si iliyozimwa."

"Haitakuwepo," nikasema.

Nilisema kweli wakati ule. Sikujua kwamba siku hiyo hiyo kakangu alikuwa amekwenda kwa yule didijei.

Aliniambia usiku wa kuamkia Ijumaa kwa ujumbe wa simu, maneno machache: nimelipia spika nusu, usimwambie mama. Nikampigia. Nikamwambia mama hataki spika, na waimbaji tisa wamekwisha kualikwa. Akasema, "Wanawake tisa wazee na matari, unajua itakavyoonekana? Kama ni lazima iwe, basi na iwe harusi ya watu." Nilimsihi. Akasema atafikiri. Nami, badala ya kumkazia, au kumwambia mama, au kumtumia bibi wa Jego habari, nikajiambia kwamba mtu aliyesema atafikiri huenda amekubali. Ule ulikuwa uoga, na niliujua kuwa uoga hata wakati ule. Nilimwelewa kakangu pia. Alitaka muziki wa sauti kubwa ili watu wasipate nafasi ya kusema.

Nikajishughulisha na leso. Wanawake waliobaki kati ya kumi na wawili, mbali na mama, walikuwa tisa, na mimi nilifurahi kupata doti tisa za sare kwa bei ya chini katika duka moja la Ukunda. Rangi nzuri, nyekundu na nyeupe. Nilizikata, nikazipinda kwa cherehani, nikampelekea mama azione. Mama akaisoma ile methali iliyoandikwa pindoni. *Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.*

"Unataka wenzangu wasimame mbele ya bwana harusi na jembe kiunoni?" akauliza.

Sikuwa nimeisoma. Mimi fundi, miaka kumi na minane nimeshika leso za watu kila siku, na nilikuwa nimetazama rangi tu. Mwenye duka alikataa kuzipokea kwa sababu nimekwisha kuzikata, na alikuwa na haki. Hatimaye mkewe akanihurumia, akanibadilishia kwa nusu hasara na doti tisa zilizokaa rafuni muda mrefu bila mnunuzi, za zambarau na kijani, zenye picha za mananasi. Zilikuwa zimeandikwa *Wema hauozi.* Hakuna binadamu aliyezipenda zile rangi. Lakini maneno yalikuwa safi.

Nilipojumlisha leso, gari na tambuu waliyoitaka bibi wawili, elfu kumi na mbili zilikuwa zimekwisha na nilikuwa nimeongeza zangu. Waimbaji wa bure walikuwa wamenigharimu kuliko mpiga kinanda. Sikumwambia mama hilo.

Nikahi ilifungwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, baada ya sala ya adhuhuri, msikitini, mjomba akiwa walii. Mzee alikuja na watu sita tu kwa nikahi. Wengine wa Taru walikuwa njiani. Mjomba alirudi nyumbani amekunjua uso, akatuambia kwamba mzee alipoulizwa kama amekubali, alijibu kabla imamu hajamaliza kuuliza, ikabidi waanze upya.

Uani kila kitu kilikuwa tayari. Mikeka ilikuwa imetandikwa chini ya turubai, pilau linanukia mpaka barabarani, na wale wanawake tisa walikuwa wamekula, wameketi safu moja katika mananasi yao, wanayapasha matari moto juu ya makaa ili ngozi ikaze. Mama alikuwa chumbani na hina yake mikononi, na shangazi yetu mlangoni kuhakikisha hatoki. Bibi wa Jego aligonga tari mara moja kwa vidole, akasikiliza, akalirudisha kwenye makaa.

Ndipo pikapu ikaingia. Nyuma yake kulikuwa na spika mbili zenye ukubwa wa kabati. Yule didijei akaruka chini akiwa na miwani ya jua, akanipungia mkono kwa furaha.

"Mathe, tumefika. Stima iko wapi?"

Nilikuwa nikimtazama bibi wa Jego. Alilitoa tari motoni, akalipangusa majivu kwa pindo la leso, akalitia kikapuni, akasimama. Wenzake wakamtazama. Akaanza kutembea kuelekea barabarani, polepole, kwa zile hatua za mtu mwenye magoti mabovu, na mmoja baada ya mwingine wale wanane wakaanza kutafuta viatu vyao.

Nilimkimbilia. Nilimwambia bibi nisamehe, nilijua, nilipaswa kukuambia. Hakusimama. Kakangu alikuwa penye geti la miti, ndiye aliyekuwa akielekeza pikapu ipite wapi, na bibi wa Jego alipofika pale, kakangu alikuwa katikati ya njia na ikabidi wasimame uso kwa uso. Kakangu akamwamkia.

"Marahaba," akaitika. Kisha akamtazama vizuri, kwa karibu. "Wewe ndiwe mkubwa."

"Ndiyo, bibi."

"Nilikuimbia arobaini yako. Babako alisimama pale mlangoni amekushika, hakutaka kukuachilia hata kwa mamako. Ulilia, nami nikaongeza sauti. Ukalia zaidi, nami nikaongeza. Wiki nzima baadaye nilikuwa sina sauti." Akatikisa kichwa. "Sijawahi kushindwa na mtoto mwingine."

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Kakangu hakucheka. Alikiangalia kile kikapu chenye tari ndani, akaniangalia mimi, na nadhani hapo ndipo alipotambua ni nani aliyekuwa anaondoka, na kwa sababu gani.

"Bibi unakwenda wapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Nyumbani. Harusi yenu ina mwimbaji." Akaonyesha pikapu kwa kidevu.

Kakangu akaenda kwa yule didijei. Nilisikia maneno yao yote kwa sababu uwanja mzima ulikuwa umenyamaza.

"Usishushe," kakangu akasema. "Rudisha turubai juu yake, uiegeshe pikapu kule nyuma ya migomba."

"Boss, ile deposit hairudi."

"Isirudi. Nawa mikono, kuna pilau."

Didijei akazitazama spika zake, akaitazama sufuria. "Na nikimaliza kula?"

"Ukimaliza, kaa usikilize."

Kakangu akarudi kwa bibi wa Jego, akamwomba kile kikapu, akakibeba yeye mwenyewe mpaka mkekani. Kutoka chumbani tulisikia sauti ya mama, ambaye hakutakiwa kusikika siku ile, ikiuliza mbona kimya. Shangazi akamnyamazisha. Matari yakarudi motoni.

Walianza vibaya, sitaficha. Miaka ilikuwa imepita. Wawili walikumbuka ubeti wa kwanza tofauti na wengine, wakasimama katikati wakabishana mbele ya wageni ni upi uliokuwa sahihi, na yule wa baragumu alipopuliza ilitoka pumzi tupu. Watoto wakacheka. Bibi wa Jego akasubiri wamalize. Kisha akalipiga tari peke yake, pigo la chini, refu, akatoa sauti. Haikuwa tamu. Ilikuwa na mchanga ndani yake. Lakini ilifika mpaka nyumba ya tatu, maana nilimwona jirani wa nyumba ile akitoka na mwiko mkononi. Wenzake wakaingia nyuma yake, na safari hii wote walikuwa pamoja.

Walikuwa katika wimbo wa tatu watu wa Taru walipofika. Walikuja kwa lori la mbuzi, limeoshwa na kutandikwa nyasi, watu kama ishirini wamesimama nyuma wamevaa vizuri, na kabla halijasimama tulisikia kayamba. Hatukuwa tumewaomba waje na ngoma. Dadake mzee, mama mnene mchangamfu ambaye huimba kwaya kanisani kwao, alishushwa kwa ngazi huku analitikisa kayamba lake, na nyuma yake wanawake wengine watano, kila mmoja na lake.

Bibi wa Jego akawaona. Akainua mkono, matari yakashuka. Akawatolea ubeti ambao wenzake hawakuwa wameusikia kabla, kwani ndiyo kwanza alikuwa anautunga:

*Mgeni ingia pole, mlango wetu mfupi,*
*Asiyeinama hapa, hutoka na paji lipi?*

Wanawake wetu wakaupokea, wakaurudia mara tatu, na watu wakapiga vigelegele. Dadake mzee akasimama getini, kichwa kainamisha upande mmoja, anasikiliza. Kayamba lake likaanza chini chini, likitafuta mwendo wa matari. Lilipoupata, akajibu:

*Twatoka Taru kwa jua, mbuzi wetu watujua,*
*Tumezoea mabanda, kuinama twakujua.*

Na akainama, na unene wake wote, akapita getini kama anayepita mlango wa banda la mbuzi, na wenzake nyuma yake wote wameinama, makayamba yanachakacha. Bibi wa Jego alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuwatenganisha wale wawili. Walijibizana kuhusu samaki na mbuzi, kuhusu nazi na maziwa, kuhusu mzee atakayejifunza kula papa mkavu na bibi atakayejifunza kuamka na mifugo. Mengine yalikuwa ya wakubwa na sitayaandika. Mjomba alipoyasikia alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli msikitini.

Katikati ya hayo bibi wa Jego aliniita pembeni. Kuna ubeti wa aliyetangulia, akaniambia, ambao zamani uliimbwa mjane anapoolewa. Kama tutaona ni vibaya, atauacha. Nilikwenda mlangoni kumuuliza mama. Alikuwa ameketi kitandani na mikono yake yenye hina imeangalia juu.

"Auimbe," mama akasema. "Wasipomtaja, watoto wake watadhani nimemfukuza."

Bibi wa Jego aliuimba bila tari, na makayamba nayo yakanyamaza yenyewe.

*Mwenye nyumba wa zamani, twamtaja kwa salamu,*
*Mgeni hakumtoa, ni siku zilizotimu.*

Mzee wa Taru, aliyekuwa ameketi na wanaume upande wa pili, alivua kofia yake akaiweka gotini. Nilimtafuta kakangu kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya sufuria za pilau na mgongo wake kwetu, na nilidhani amejitenga nasi moyoni. Baadaye kidogo aligeuka, akajipangusa uso kwa taulo la jikoni, akatembea katikati ya mkeka mbele ya watu wote. Akamtuza bibi wa Jego noti, akiichomeka kwenye pindo la leso yake ya mananasi. Kisha akavuka upande wa wanaume, akakaa karibu na yule mzee. Sikusikia walichozungumza. Lakini niliona mzee anamwonyesha kitu kwa vidole, urefu na upana, na baadaye kakangu aliniambia walikuwa wanazungumzia jinsi ya kumchoma mbuzi mzima bila kumkausha.

Tulimaliza alasiri, jua bado liko juu. Kakangu alikuwa ametayarisha gari la rafiki yake, limefungwa riboni, la kumpeleka mama Taru. Mama alilitazama, akalisifu, akapanda lori la mbuzi. Alisema kwamba kutoka kule mbele mtu anaona mbali, na sasa ana macho mazuri. Akaketi kati ya dereva na mumewe, na wale wanawake walipanda nyuma pamoja na watu wa Taru mpaka barabara kuu, matari na kayamba pamoja, kisha wakashushwa.

Mimi ndiye niliyemrudisha bibi wa Jego kwake. Njiani niliona ni lazima niseme tena. Nikamwambia kwamba nilijua kuhusu spika tangu siku nyingi na nilinyamaza.

"Nilijua zitakuja," akasema. "Harusi gani siku hizi haina spika? Nilitaka kuona kama kuna atakayeziondoa." Akafunua kifurushi alichofungiwa, akahakikisha nyama imo, akakifunga. "Pilau lilikosa chumvi kidogo. Mwambie mamako."

Nilimwambia mama kwa simu, na akakataa katakata kwamba chumvi ilipungua. Anakaa Taru sasa, na kila mwezi huja Msambweni siku chache kutazama minazi yake, mzee naye huja naye, hushinda barazani anajifunza kushona makuti na kuyaharibu. Kakangu huwapelekea samaki. Yule didijei aliwahi kunijia kibandani na simu yake, akanisikilizisha ule ubeti wa mlango mfupi aliokuwa ameurekodi kutoka nyuma ya migomba, kayamba na matari na watoto wakipiga kelele, na sauti yake mwenyewe ikimwomba mtu amwongezee pilau. Alitaka kujua kama yule bibi anaweza kualikwa harusi nyingine, ya wateja wake wa Diani.

Nikamwambia anaweza, lakini wale kwanza, gari liwafuate majumbani, na leso ziwe mpya.

"Na spika?" akauliza.

"Hilo," nikamwambia, "nenda Jego ukazungumze naye mwenyewe."

Akaniomba nimwelekeze njia. Nikamchorea kwenye karatasi ya kukatia mashati.